Akaunti yangu ya chuo imefungwa, na kosa moja kati ya matatu si langu

Ndugu Mshauri, salaam.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini. Siku ya usajili tulipewa fomu ya masharti ya matumizi ya intaneti na barua pepe, kurasa nne. Nilisaini nikiwa kwenye foleni, sikuisoma.

Jumatatu ya wiki iliyopita, usiku, niliingiwa na ujumbe kwenye barua pepe ya chuo ukisema kikasha changu kimejaa asilimia 99 na kitafutwa ndani ya saa 24 nisipothibitisha. Nikabonyeza, nikajaza jina na nywila. Hakikutokea kitu, nikalala. Alhamisi asubuhi nikashindwa kuingia. Wahadhiri na wanadarasa wenzangu wanasema wamepata kutoka kwangu tangazo la kazi ya kufanyia nyumbani yenye malipo mazuri.

Ijumaa nikapewa barua ya kuitwa kamati ya nidhamu Jumatano ijayo. Inataja makosa matatu: kutuma barua taka 1,900, kushusha filamu kwa torenti Jumamosi ya wiki mbili zilizopita saa 23:10 kwa jina langu, na kutumia VPN (programu inayoficha unachofungua mtandaoni) kwenye mtandao wa chuo. Hilo la pili silijui kabisa. Nilikuwa nyumbani Njombe msibani tangu Ijumaa, nikarudi Jumapili jioni. Lakini jirani yangu wa hosteli ana nywila yangu. Nilimpa mwezi uliopita bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) lilipochelewa, hana bando, na akaunti yake ilikuwa inasumbua. VPN nilitumia kweli, kwa sababu TikTok imefungwa mchana.

Naomba kuuliza. Je, ni haki niadhibiwe kwa nisilolifanya? Nimtaje jirani yangu? Chuo kinaweza kusoma meseji zangu? Na kuna kazi ya kuwasilisha kwenye Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni) Jumatatu saa sita usiku, nami siwezi kuingia. Halafu chumbani tulikuwa tumechanga tununue ruta yetu wenyewe tuichomeke ukutani. Tuendelee?

Mwanafunzi mwenye wasiwasi

*

Mdogo wangu, pole kwa msiba, na pole kwa haya yaliyokupokea uliporudi.

Ya Jumatatu kwanza, maana hiyo haisubiri kamati. Leo hii, kwa kutumia barua pepe yako binafsi, mwandikie mhadhiri wa somo, nakala kwa CR (mwakilishi wa darasa) wenu. Taja jina kamili, namba ya usajili, jina la somo, na sentensi moja kwamba akaunti yako ilifungwa Alhamisi na kitengo cha TEHAMA. Ambatanisha kazi yenyewe sasa, hata kama haijapigwa msasa. Muda wa ujumbe huo ndio ushahidi wako kwamba hukuchelewa. Ukisubiri hadi Jumanne uanze kueleza, utaonekana umetafuta kisingizio. Kama faili lina picha nyingi angalia ukubwa wake: kiambatisho huongezeka kwa karibu theluthi moja kinapofungwa ndani ya barua pepe, kwa hiyo faili la MB 20 linaweza kugonga kikomo cha MB 25 likarudishwa. Lipunguze kwa kulitoa kama PDF.

Sasa kamati. Makosa yako hayana uzito mmoja, na lililo zito kuliko yote barua haijalitaja. Kulaghaiwa kwa kiungo cha uongo ni jambo linalowapata hata wahadhiri, na kamati yenye busara hulichukulia kama ajali, mradi ulitoa taarifa. VPN nadhani ni kosa la onyo. Kumpa mtu nywila ndiko kunakouma, kwa sababu masharti ya karibu kila chuo yana kifungu kimoja kinachofanana: mwenye akaunti anawajibika kwa kila kinachofanywa kwa jina lake. Umeuliza kama ni haki. Nitakueleza kifungu hicho kinatoka wapi, kisha utaona mwenyewe.

Mkiwa mia nne hosteli, kila simu ina anuani yake ya ndani, lakini mkitoka nje ya chuo nyote mnaonekana kwa anuani moja ya IP au chache tu. Mwenye filamu, au kampuni inayomlindia haki zake, hujiunga na torenti kama mtu mwingine yeyote, akaandika anuani za wote wanaogawa lile faili. Torenti haishushi tu. Huku unashusha, kompyuta yako inawarushia wengine vipande ulivyokwisha kuvipata, na huko kurusha ndiko kunakoitwa usambazaji. Malalamiko yanakuja chuoni yakiwa na anuani ya IP, namba ya poti (mlango wa mawasiliano uliotumika) na saa. Hapo kitengo cha TEHAMA kinafungua kumbukumbu zake: poti ile, saa ile, ilikuwa imepewa anuani gani ya ndani, anuani hiyo ilikuwa imepewa kifaa gani, na kifaa hicho kiliingia mtandaoni kwa jina la nani. Jina ndilo la mwisho kwenye mnyororo, na ndicho kitu pekee kinachomtofautisha mmoja wenu na wengine mia tatu tisini na tisa. Ukiligawa jina, umeukata mnyororo huo pale pale ambapo ungekutetea.

Ila mnyororo huohuo unaweza kukusaidia, kwa sababu una pingili moja usiyoigawa: kifaa. Iombe kamati, kwa maandishi, ikuonyeshe kumbukumbu za kuingia kwa jina lako kwa Jumamosi na Jumapili ile. Ndani yake uliza anuani ya MAC ya kifaa (namba ya utambulisho wake kwenye waifai), jina la kifaa kama limehifadhiwa, na ni antena ya jengo gani iliyokipokea. Kisha linganisha na simu yako. Hapa wengi hukosea. Wanafungua Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, wananakili anuani ya MAC waliyoiona pale, wanakuta haifanani na kitu chochote kwenye kumbukumbu, wanashangilia bure. Tangu Android 10 na iOS 14 simu hubuni anuani tofauti kwa kila mtandao inaojiunga nao. Nenda kwenye orodha ya waifai, gusa mtandao wa chuo, fungua maelezo yake: anuani utakayoiona hapo ndiyo chuo kinayoijua. Ni jozi sita za namba na herufi. Ukiona tarakimu ya pili kabisa ni 2, 6, A au E, hiyo ni ya kubuniwa na simu, si ya kiwandani. Usiuondoe mtandao huo kwenye simu wala usiirudishe simu kwenye hali ya kiwandani kabla ya Jumatano, maana anuani inaweza kubadilika na ulinganisho wako ukapotea.

Halafu saa. Barua yako inasema 23:10. Malalamiko ya namna hii mara nyingi huandikwa kwa saa za UTC (saa za pamoja za dunia), nasi tuko saa tatu mbele. Kama aliyeandika barua amenakili tu, basi tukio lilikuwa Jumapili saa 02:10, yaani saa nane na dakika kumi usiku. Ongeza na saa zetu za Kiswahili zinazopishana saa sita na za mashine, na utaona jinsi watu watano kwenye meza moja wanavyoweza kuzungumzia nyakati tatu tofauti. Uliza: “Hii 23:10 ni ya UTC au ya hapa?” Wewe ulirudi Jumapili jioni, kwa hiyo vyovyote itakavyosomwa ulikuwa Njombe. Beba tiketi zote mbili za basi, ya kwenda na ya kurudi, pamoja na miamala ya simu ya siku hizo kama ipo. Ukipeleka ya kwenda peke yake utakuwa umethibitisha Ijumaa, na anayekuuliza anataka Jumapili saa nane usiku.

Kuhusu jirani yako. Usiende kamati na jina lake mfukoni kabla hujazungumza naye. Mfuate leo, mkae kwenye kimbweta, mwambie kwamba utasema ulitoa nywila, kwa sababu ni kweli na kwa sababu kumbukumbu zitaonyesha kifaa kisicho chako. Mpe nafasi aende mwenyewe kwa mlezi wa wanafunzi kabla ya Jumatano. Mtu anayejipeleka hupokelewa tofauti na anayeletwa. Akikataa, nawe ukaulizwa waziwazi na kamati nani alikuwa na nywila, jibu ukweli. Hujui kwa hakika kwamba ni yeye aliyeshusha, huenda naye alimpa mwingine, kwa hiyo usiseme “yeye ndiye aliyeshusha”. Sema “nilimpa nywila tarehe fulani”, uishie hapo. Pengine utaona ni usaliti. Mimi sioni hivyo. Aliyetumia jina lako usiku ukiwa msibani ndiye anayekudai kidogo kuliko unavyomdai.

Maelezo yako yawe ya ukurasa mmoja, na yaanze na makosa yako kabla ya utetezi. Kwa mfano:

“Nakiri kwamba tarehe … nilijaza nywila yangu kwenye ukurasa wa ulaghai na sikutoa taarifa. Nakiri pia kwamba tangu tarehe … nilimpa mwanafunzi mwenzangu nywila hiyo, kinyume cha masharti niliyosaini, na kwamba nilitumia VPN kwenye simu yangu ili kufungua TikTok. Sikushusha filamu inayotajwa. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili jioni nilikuwa Njombe, tiketi zimeambatanishwa. Naomba kuonyeshwa kumbukumbu za kuingia kwa jina langu kwa siku hizo, pamoja na anuani ya MAC ya kifaa kilichotumika.”

Usiongeze machozi wala historia ya familia. Kamati inasoma barua nyingi, na inayotaja tarehe na kukiri kwanza husomwa hadi mwisho.

Nije kwenye barua taka. Hizo 1,900 zinaweza kukushangaza, lakini kama barua pepe ya chuo chenu inaendeshwa na Google, akaunti moja ya taasisi huruhusiwa kutuma jumbe 2,000 kwa siku. Aliyekuibia alitumia karibu mgao wako wote. Chuo hakikasiriki kwa sababu ya tangazo lile la kazi ya uongo peke yake. Sifa ya jina la kikoa, hiyo sehemu ya baada ya @, ni ya wote. Tangu Februari 2024 Google inawataka wanaotuma kwa wingi kwenye Gmail waweke malalamiko ya barua taka chini ya asilimia 0.3, yaani watu watatu kwa kila barua elfu. Wapokeaji wako wakibonyeza “taka” kwa wingi, barua zote za chuo zinaanza kuangukia kwenye folda ya taka: barua za fildi, majibu ya udahili, taarifa za wadhamini. Kusafisha sifa hiyo kunachukua siku, wakati mwingine wiki, na mwombaji aliyekosa barua ya udahili hatajua kamwe kwamba chanzo kilikuwa kiungo kimoja cha Jumatatu usiku. Ndiyo maana wanafunga kwanza, wanauliza baadaye, na hapo nawaunga mkono.

Kosa lako hasa ni hizo siku tatu za ukimya. Ungeenda kitengo cha TEHAMA Jumanne asubuhi wangezima akaunti kabla haijatumika.

Kuirudisha, nenda kwa miguu na kitambulisho cha mwanafunzi. Usitume picha ya kitambulisho kwa namba ya WhatsApp inayodai ni ya TEHAMA, maana walaghai huwarudia waliokwisha kuliwa mara moja. Kabla ya kwenda, badilisha nywila kila mahali pengine ulipotumia ileile, ukianza na barua pepe binafsi. Akaunti ikifunguliwa, waombe waiondoe kwenye vifaa vyote ilikoingia, kisha ubadilishe nywila mbele yao. Watu huishia hapo, na wiki inayofuata wanaibiwa tena. Mwizi akiingia kwenye kikasha huacha vitu viwili ambavyo mabadiliko ya nywila hayavigusi. Kimoja ni kichujio: sheria ndogo inayosema kila barua yenye maneno kama “umedukuliwa” au “haikufika” ipelekwe moja kwa moja kwenye pipa la taka. Huenda ndiyo sababu hukuona barua hata moja iliyorudi kati ya zile 1,900. Kingine ni kuelekeza nakala: kila barua unayopokea inapelekwa pia kwenye anuani yake. Fungua mipangilio ya barua pepe, sehemu ya vichujio na sehemu ya kuelekeza barua, ufute usivyovitambua. Angalia na namba ya simu ya kurejesha akaunti kama bado ni yako, saini iliyo chini ya barua, na programu zilizopewa ruhusa. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu. Ungekuwa nao Jumatatu ile, nywila peke yake isingemfikisha mbali, mradi usingempa na namba ya siri ya pili alipoiomba.

Na kile kiungo, hivi ndivyo kinavyosomwa. Kata anuani kwenye mkwaju wa kwanza baada ya https://, kisha soma kutoka kulia kwenda kushoto. Anuani kama chuo.ac.tz.example.com/ingia haihusiani na chuo hata kidogo: mwenyewe ni example.com, na hayo “chuo.ac.tz” ya mbele ni pambo ambalo yeyote anaweza kuliandika. Anuani ya kweli ya chuo cha Tanzania inayotumia ac.tz lazima imalizike nayo pale kwenye mkwaju. Kwenye simu bonyeza kiungo kwa muda bila kuachia, anuani kamili itatokea kabla hujaingia.

Je, chuo kinaweza kusoma meseji zako? Tenganisha mambo mawili. Kikasha cha chuo ni mali ya chuo, na msimamizi wa mfumo anao uwezo wa kiufundi wa kukifungua. Masharti mazuri huweka ni nani anayeruhusu na kwa sababu gani, hebu itafute fomu uliyosaini uangalie kifungu hicho. Mambo yako ya ndani yasikae humo. Lakini WhatsApp yako na kurasa zinazoanza na https, ukiwa kwenye waifai ya chuo, haziwezi kusomwa yaliyomo. Kinachoonekana ni jina la tovuti, muda, na kiasi cha data. Kwa kurasa hizo za https hali inaweza kubadilika kama ulisakinisha cheti cha usalama cha chuo kwenye simu ili uunganishwe, kwa hiyo ukiombwa kusakinisha kitu kama hicho, uliza ni cha nini. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chuo kinawajibika kwayo kama taasisi nyingine. Nawe pia usiisahau siku utakapokuwa CR ukatuma matokeo ya darasa zima, majina na alama, kwenye kundi la WhatsApp.

VPN si jambo la chuo peke yake. Oktoba 2023 TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Usipeleke kwa kamati hoja kwamba “kila mtu anatumia”. Kiri, useme umeiondoa, na uiondoe kweli. Kwa nini TikTok inafungwa mchana? Piga hesabu. Chuo chenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, video moja ya ubora wa juu ikila megabiti 5, watazamaji 20 wanaimaliza yote, na wa ishirini na moja ni yule aliyefungua mtihani wa Moodle. Torenti ni mbaya zaidi kwa kuwa hufungua miunganisho mingi kwa mpigo, ikajaza na njia ya kurusha ambayo wenzako wanaitumia kupandisha kazi zao. Nadhani kufunga kwa saa maalumu ni njia bora kuliko kufunga moja kwa moja, na kama serikali ya wanafunzi inaona saa hizo hazifai, iandike barua ya kuomba zibadilishwe. Vyuo huzisikiliza barua za namna hiyo.

Ile ruta, msiichomeke. Mkiweka waya wa ukutani kwenye tundu mojawapo la LAN (la kutolea mtandao) badala ya lile la WAN (la kupokelea mtandao), na ni rahisi kukosea hapo, ruta yenu itaanza kuwagawia majirani anuani zake za 192.168. Simu zao zitaonyesha zimeunganishwa, ila hakuna kitakachofunguka. Fundi atatafuta korido nzima, atawapata. Na hata mkiichomeka kwenye WAN, kila aliyejiunga humo atahesabiwa kwa jina la aliyeingia kwanza. Hotispoti ya simu kutoka waifai ya chuo ina kasoro hiyohiyo. Hela mliyochanga inunulieni bando la pamoja kwa ruta ya laini ya simu, hiyo haigusi mtandao wa chuo, isipokuwa kanuni za hosteli ziseme vinginevyo.

Mwisho, angalia ni wapi uliandika barua pepe ya chuo kama anuani yako: HESLB (Bodi ya Mikopo), Ajira Portal (tovuti ya maombi ya kazi za serikali), benki. Hamishia zote kwenye barua pepe binafsi wiki hii. Akaunti ya chuo mara nyingi hufungwa baada ya kuhitimu, na umekwisha kuona Alhamisi kwamba inaweza kufungwa hata kabla. Jumatatu, baada ya saa sita usiku, mwandikie mhadhiri tena mstari mmoja kuuliza kama faili lilifunguka.